Tusingoje Mfadhili Atutunzie Kumbukumbu

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Methali hii niliitumia mara nyingi katika insha zangu nilipokuwa mwanafunzi wa shule hii. Kila mara mwalimu wa Kiswahili alinitilia alama ya vema, lakini kusema kweli sikuwa nimeielewa hata chembe. Nilikuja kuielewa mbali sana, katika mji wa Chicago kule Marekani, ndani ya jumba la makumbusho la watu wasio wa kabila langu wala wa nchi yangu.

Kwa hivyo mhariri aliponiomba niwaandikie neno wanachama wa leo wa Chama cha Kiswahili, sikutafuta mada mbali. Nina rai moja tu, na nitaitoa mapema ili asiye na muda asihangaike: shule yetu yapasa iwe na chumba cha kumbukumbu, kianzishwe na wanafunzi wenyewe, na kianzishwe mwaka huu bila kungoja mfadhili. Atakayeuliza nimeyatoa wapi haya, naomba anisikilize.

Likizo ya kiangazi ya mwaka 2023 ilinikuta mwanafunzi wa chuo katika jimbo la Illinois. Wenzangu walikimbilia kazi za mikahawani na madukani. Mimi nilipata nafasi ya uanagenzi katika jumba liitwalo National Museum of Mexican Art, lililo katika mtaa wa Pilsen. Huo ni mtaa ambao kwa miaka mingi umekuwa maskani ya watu wenye asili ya Meksiko. Nilijicheka mwenyewe. Mgiriama wa Kilifi anatafuta nini katika makumbusho ya Walatino? Kihispania changu kilikuwa salamu na asante, basi.

Msidhani nilipewa kazi kubwa. Nilipanga viti, nilibeba maboksi, niliwapokea watoto wa shule mlangoni, na nilisoma karatasi za maelezo ya vitu kuhakikisha hakuna kosa katika upande wa Kiingereza. Nasema upande kwa sababu maelezo pale huandikwa kwa lugha mbili, Kihispania na Kiingereza, na Kihispania hakikufichwa chini kwa herufi ndogo kama jambo la aibu. Hilo peke yake lilinigusa. Hebu jiulize, mwenzangu, vibao vya shule yetu vimeandikwa kwa lugha gani?

Siku moja aliingia bibi mmoja mkongwe akishikwa mkono na mjukuu wake. Walisimama mbele ya metate, yaani jiwe la kusagia mahindi la Wameksiko. Bibi yule aliinama na kuonyesha kwa mikono jinsi mtu anavyopiga magoti na kusukuma jiwe dogo juu ya jiwe kubwa. Sikuelewa maneno yake lakini mikono niliielewa yote, kwa maana ndivyo nyanya yangu alivyosaga. Mjukuu, kijana wa rika lenu, alitoa simu masikioni akaanza kuuliza maswali. Nikajiambia, kumbe kazi ya jumba hili ni hii: kumfanya kijana amuulize bibi yake swali.

Basi nikataka kujua ni tajiri gani aliyelijenga. Jibu liliniacha kinywa wazi. Hakuwa tajiri. Mwaka 1982 Carlos Tortolero, mwalimu wa shule, pamoja na walimu wenzake walikubaliana kuanzisha makumbusho ya watu wao. Akiba waliyoanza nayo ilikuwa dola 900. Jengo hawakuwa nalo. Walihangaika miaka mitano, na mwaka 1987 wakafungua milango katika jengo lililokuwa la bustani ya umma iitwayo Harrison Park. Tangu hapo kiingilio ni bure. Walimu jamani! Watu wa chaki kama hawa wetu wanaotusahihishia insha.

Linganisheni na upande mwingine. Mwaka 1994 kamati iliyoundwa na Smithsonian, taasisi kubwa ya makumbusho ya serikali ya Marekani, ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba taasisi hiyo imewapuuza Walatino kwa makusudi. Sheria ya kuanzisha makumbusho ya kitaifa ya Walatino ilipitishwa Desemba 2020, yaani miaka 26 baadaye. Na sheria si jengo. Mwaka 2022 walianza na ukumbi mmoja ndani ya jumba la wengine. Sisemi serikali haina wajibu, la hasha. Nasema kwamba mtoto aliyezaliwa Pilsen mwaka 1987 alikulia katika makumbusho ya kwao, kwa sababu walimu wachache hawakungoja.

Tena anayejitunza huwatunza na wengine. Mwaka 2006 jumba hilo liliandaa maonyesho kuhusu Waafrika katika historia ya Meksiko. Humo watu walisoma habari za Yanga, Mwafrika aliyetoroka utumwani na kuwaongoza wenzake katika milima ya Veracruz. Wahispania walituma jeshi dhidi yake mwaka 1609 wasifaulu kuwamaliza watu wake, hata mwishowe wakakubali wawe na mji wao huru. Mji huo leo unaitwa Yanga. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 waliojitambulisha kuwa wana asili ya Kiafrika. Nimesoma historia tangu darasa la nne na sijawahi kusikia habari za Yanga, nikaja kuzisikia kwa Wameksiko.

Sasa nifike mahali panapouma.

Kila mwaka tangu 1987 jumba hilo huonyesha madhabahu za Siku ya Wafu, ile sikukuu ya tarehe 1 na 2 Novemba. Familia huweka picha za marehemu wao, maua ya rangi ya machungwa, mishumaa, mkate, na chakula alichokipenda marehemu. Matayarisho huanza mapema, nami nilisaidia kidogo. Mwanagenzi mwenzangu aliniuliza, "Kwenu mnawakumbukaje wafu?" Nikamweleza habari za vigango, yale magogo ya mti mgumu ambayo sisi Wamijikenda huwachongea wazee wa chama cha Gohu wanapofariki. Kigango si pambo la sebuleni. Kwa imani ya wazee wetu, roho ya marehemu hukaa pale, na kikishasimamishwa hakiondolewi. Nilieleza kwa madaha kama mwalimu. Akaniuliza tena, "Kwa hiyo cha babu zako kiko wapi?"

Sikujua. Usiku ule nilipiga simu nyumbani. Nyanya alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Muulize ami yako."

Ami hakunificha. Zamani, akiwa kijana, yeye na rafiki zake wawili walikwenda usiku wakaking'oa kigango cha babu yake na kumuuzia mfanyabiashara aliyekuwa akipita vijijini. Fungu lake lilitosha kununua baiskeli kuukuu. "Tuliona ni mbao tu, mwanangu," aliniambia. "Hakuna aliyekuwa ametueleza."

Vigango vya namna hiyo viliuzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikasafiri hadi katika nyumba za matajiri na makumbusho ya ng'ambo. Baadhi vilifika Illinois, jimbo lile lile nililokuwa nikisoma. Hadi kufikia mwaka 2023, jumba la makumbusho la jimbo hilo lilikuwa limerejesha Kenya vigango 37. Nilifurahi niliposoma habari hiyo, kisha nikatokwa na machozi. Huenda chetu kimo, huenda hakimo. Nani atakitambua? Hatuna picha yake wala maandishi yoyote, na fundi aliyekichonga hayupo.

Tumezoea kusema kwamba wageni walituibia. Ni kweli, walionunua walijua wanachokinunua, nao hawana udhuru. Lakini mkono uliong'oa ulikuwa wa ami yangu. Na nisijifanye mwema kumshinda. Nikiwa kidato cha tatu, sisi wachelewaji sita tuliadhibiwa kusafisha ile stoo ya nyuma ya jikoni. Tulikuta maboksi ya karatasi zilizoliwa na mchwa: madaftari ya majina, picha za timu za kandanda, na nakala za zamani za gazeti hili hili mnalolisoma. Tukaziona takataka, tukazichoma. Aliyewasha kiberiti ni mimi. Leo mkiniuliza waliotutangulia katika chama hiki waliandika nini, sina la kuwajibu. Hakuna aliyekuwa ametueleza, kama alivyosema ami.

Najua watakaopinga rai yangu, maana hata mimi ningepinga zamani.

Wapo watakaosema pesa hatuna. Kabati moja lenye kufuli na daftari moja la jalada gumu vinagharimu kiasi gani? Wale wenzetu walianza na dola 900 wakitafuta kujenga makumbusho ya mji mzima. Sisi tunatafuta kona ya maktaba.

Wengine watasema mambo ya kale ni ushirikina, eti dini haituruhusu. Kutunza si kuabudu. Anayehifadhi kinu cha bibi yake hajakisujudia. Hata hivyo, nakubali kwamba si kila kitu kinafaa kuwekwa kabatini. Vitu vya makaburini na vya kayani vibaki mahali pake, na tusimshawishi mtu yeyote avilete. Hilo nimejifunza kwa gharama ya ukoo wangu.

Wapo pia wa mtihani kwanza. Haya, fasihi simulizi si imo katika karatasi ya tatu ya Kiswahili? Mnakariri maana ya nyiso na mbolezi kama dawa ya kumeza, ilhali nyumbani kuna bibi anayeziimba na hajawahi kuulizwa. Mtihani utapita, na bibi naye hatangoja.

Na kuna watakaosema makumbusho ya taifa yapo tayari. Naam, yapo Nairobi, ipo Fort Jesus, yapo ya Lamu, na ni ya kutembelewa. Lakini hakuna mtaalamu wa Nairobi atakayekuja kuhifadhi nakala za gazeti letu, au jina la mpishi wa kwanza wa shule hii.

Basi napendekeza hivi. Kwanza, Chama cha Kiswahili kimwombe mwalimu mkuu kona ya maktaba na kabati moja. Pili, kila mwanachama arudipo kutoka likizo alete kitu kimoja kwa idhini ya wazazi, kiwe cha kuazima na si cha kunyang'anya: mbuzi ya kukunia nazi, kibuyu, kata, ukindu ulioanza kusukwa. Tatu, kila kitu kiandikwe daftarini: jina lake kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, nani alikitengeneza, kilitumikaje, nani amekileta na kitarudi lini. Ninavyoona mimi, daftari hili ni muhimu kuliko kabati lenyewe, kwa maana hata kitu kikipotea, habari zake zitabaki. Kigango chetu hakikuwa na daftari. Nne, nakala mbili za kila toleo la gazeti hili ziwekwe humo na zisitoke. Na tano, siku moja kila muhula milango ifunguliwe bure kwa majirani wa shule. Waje mama wauza mboga, waje wazee, watusahihishe tulipokosea.

Wiki zangu zilipokwisha, sikupewa tuzo wala sikupigiwa makofi. Nilirudisha kitambulisho, nikaagana na watu, nikapanda basi. Lakini niliporudi Kilifi likizo iliyofuata, nilikwenda na daftari. Nyanya aliketi kwenye mkeka, ami akaegemea mlango, nami nikamwomba ami anieleze kigango kile kilikuwaje. Alikumbuka zaidi ya nilivyotarajia: urefu wake hadi kifuani, michoro ya pembetatu, ufa mdogo upande wa kushoto. Nyanya alimsahihisha mara mbili. Niliandika yote. Ni ukurasa mmoja tu, na haurudishi kitu kilichouzwa, lakini kabla ya hapo hatukuwa na hata neno.

Kwa wale sita tuliochoma maboksi: popote mlipo, kama mna nakala yoyote ya zamani nyumbani kwenu, ileteni. Kwa walimu wangu, shikamooni, na mniwie radhi kwa kiberiti kile. Kwenu wanachama wa leo, ufunguo wa stoo uko kwa mwalimu wa zamu. Nendeni mkauombe, na safari hii msichome kitu.