Nani Alisema Krismasi Ni ya Ushago?

Ikifika katikati ya Desemba, watu wa Rongai huulizana jambo moja tu: "Mnaenda lini?" Kwamba mtaenda, hilo halina mjadala. Ukijibu kuwa mwaka huu unabaki, unahurumiwa kama mtu aliyefutwa kazi. Majirani wataamua wenyewe kama umekosa nauli au umekosana na wakwe.

Tumeaminishwa kwamba Krismasi ya kweli huliwa ushago, na kwamba pilau iliyopikwa kwenye nyumba ya kupanga, orofa ya tatu, ni chakula cha kawaida kilichoangukia tarehe 25. Imani hii ni upuuzi, na tunailipia ghali.

Tuanze na mbuzi, maana Krismasi ya Mkenya haizungumziki bila mbuzi. Sisi wa Rongai tunaishi Kajiado, nchi ya mifugo. Panda matatu ya 126 ushuke Kiserian: kuna soko, kuna kichinjio cha Keekonyokie. Lakini utamwona mtu mzima akiwapa mbuzi hawa kisogo, asafiri mwendo wa saa nane kwa nauli iliyopandishwa, akanunue mbuzi kijijini kwa bei iliyopandishwa pia kwa sababu "watu wa Nairobi wamefika". Wauza mbuzi wa huko wanaijua kalenda kuliko padri.

Barabara nayo haisahauliki. Alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, na watu 36 wakafa.

Tuseme umefika salama. Tunaambiwa tunaenda kukaa pamoja na kukumbushana ya zamani. Ni nani hasa anayekaa na nani huko? Mke wa kijana wa boma hafiki kama mgeni. Kabla jua halijachomoza ameshakanda unga, na hadi alasiri anageuza chapati, moshi wa kuni machoni, mtoto mgongoni, huku wanaume wako chini ya mti wakisimuliana habari za marehemu babu. Wanabishana alianza kukataa chakula mwezi gani. Anayeujua mwezi huo ni yuleyule aliyeko jikoni, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimlisha kwa kijiko. Hakuna anayemwita. Jioni picha inapigwa, tunaambiwa familia imekumbushana mengi.

Wanaoamini Krismasi ni ya ushago watasema mtu hutambulika kwa asili yake. Hoja hiyo ni nzito, na ilishawahi kufikishwa kortini kutoka hapa hapa kwetu. Wakili S.M. Otieno alifariki 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong, akisema ndivyo marehemu alivyotaka. Ukoo wa Umira Kager ukasema kwake ni Nyalgunga, Siaya, basi. Mwili ulilala mochari miezi mitano, kesi ikafika Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda. Shamba la Kajiado halikutosha kuwa kwao. Hukumu ile ilihusu kaburi. Sisi tumeigeuza sheria ya sahani.

Sisemi wazee watelekezwe. Mzee asiyeweza kusafiri afuatwe, tena afuatwe Agosti, nauli ikiwa ya kawaida na hakuna foleni ya wageni mlangoni, ukae naye wiki nzima. Anayeweza kusafiri aletwe Rongai mapema Desemba, kabla mabasi hayajawehuka. Nyanya akishakaa siku kadhaa ndipo hadithi zinapotoka, pengine usiku ambao stima imepotea na hakuna televisheni ya kumkatiza. Naye aonyeshwe mambo: matatu ya 125 inavyopiga muziki hadi vioo vitetemeke, lori la maji likishusha kwenye tangi, mahali mjukuu alipong'oka jino akijifunza baiskeli. Watoto nao wana kumbukumbu zao, na nyingi ziko Kware, Nkoroi na Tuala. Tunawabeba kila mwaka kwenda kukumbuka za watu wengine.

Kuna hasara nyingine ambayo haitajwi mezani. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta Ongata Rongai ina watu zaidi ya 170,000. Mji mkubwa hivyo, na karibu kila mkazi anajiona mpita njia. Tunachanga pesa za zahanati ya kijijini, tunagombana kuhusu daraja la kijijini, hata kura wengine wetu tunapiga kijijini, halafu tunaruka majitaka ya Rongai kwa miaka kumi bila kuuliza ni ya nani. Mwakilishi wa wadi anatujua vizuri. Anajua kwamba bomba likipasuka Desemba 24, atakayempigia simu yuko kwenye basi, tayari amepita Naivasha.