Kutoka Benki Kuu Hadi Barabara ya Kitengela

Mwezi Juni 2024, vijana wa Kitengela katika Kaunti ya Kajiado waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Wizara iliyouandaa ilikuwa mikononi mwa Profesa Njuguna Ndung'u, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya tangu 2007 hadi 2015. Tarehe 11 Julai Rais William Ruto alilivunja Baraza la Mawaziri, na Profesa akapoteza wadhifa wake.

Ukiifuata barabara ya Kitengela na Kajiado, ukavuka mpaka Namanga, utafika Arusha. Huko ndiko Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, alikokuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi iliposambaratika mwaka 1977. Kisha akawa Waziri wa Fedha. Mwaka 1979 alitaka masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa yakubaliwe, ikiwemo kushusha thamani ya shilingi. Mwalimu Nyerere alikataa, naye Mtei akajiuzulu. (Mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa waasisi wa CHADEMA.)

Mtei alihitaji kumshawishi mtu mmoja. Ndung'u alihitaji kuishawishi Kitengela, tena kwa mswada uliochapishwa kwa Kiingereza! Gavana huzoea kusemezana na mabenki. Waziri hudaiwa maelezo na mnunuzi wa mkate. Pendekezo la kuutoza mkate kodi liliondolewa mapema, lakini hasira ilikuwa imekwisha kuwaka. Je, idara zetu za Kiswahili zimewahi kuiambia Hazina kwamba ziko tayari kuufasiri mswada kama huo kabla haujafika bungeni?