Ndege Bora, Lakini kwa Kimo Kipi?

Mwanafunzi wa Kisii apimaye joto la maji yanayochemka hupata karibu nyuzi 94. Nilipata kumwona mmoja akiamriwa na mwalimu wake afute jibu hilo aandike 100, kwa kuwa ndivyo kitabu kisemavyo. Kitabu kilizungumzia usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Kanieneo ya hewa huku imepungua kwa karibu sehemu moja kati ya tano.

Jambo hili mimi ningelifundisha kwa Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ambayo vijana wetu huitaja kana kwamba ilikuwa ndege ya namna moja tu. Zilikuwa za aina nyingi. Aina ya tano ilifikia takriban kilomita 595 kwa saa, lakini Wajerumani walipoleta Focke-Wulf 190 mwaka 1941, ikaachwa nyuma. Injini huchoma mafuta kwa hewa, na huko juu hewa ni haba. Waingereza hawakungoja kubuni ndege mpya. Walichukua kiunzi kile kile, wakakibadili kidogo tu, wakakitia injini ya Merlin yenye pampu mbili zifuatanazo za kushindilia hewa, pamoja na kifaa cha kuipoza kabla haijaingia katika silinda. Hiyo ndiyo aina ya tisa, iliyoanza kazi Julai 1942, nayo ilipita kilomita 640 kwa saa katika kimo cha mita 7,600 hivi.

Je, aina ya tisa ndiyo bora? Hapo darasa zima huinua mikono. Lakini baadhi ya ndege za aina ya tano zilipunguzwa kipenyo cha feni ya pampu, makusudi kabisa. Zilipopaa juu sana zilikuwa dhaifu. Chini ya mita 2,000 hivi, ambako injini haikuhitaji kupoteza nguvu kwa kuzungusha feni kubwa, zilizipita zile za kawaida za aina yao. Mita 2,000! Kwa rubani wa Uingereza huko ni angani. Kwa Mnyamira ni shamba la chai.

Mwanafunzi yule alikuwa amepima sawasawa. Arudishiwe alama yake.