Fidia ya Mfumuko wa Bei Isingoje Mei Mosi

Mjadala kuhusu mishahara ya watumishi wa umma nchini Tanzania huchanganya mambo matatu yanayostahili kutenganishwa: nyongeza ya mwaka, ambayo ni hatua ndogo anayopiga mtumishi ndani ya ngazi yake ya mshahara, kupanda daraja, ambako hutegemea sifa na utendaji, na fidia ya mfumuko wa bei, yaani marekebisho yanayolinda uwezo wa mshahara kununua mahitaji yaleyale pale bei zinapopanda. Mambo mawili ya kwanza humsogeza mtumishi mbele, ilhali la tatu humzuia tu asirudi nyuma, na kwa hiyo haifai kulihesabu kuwa hisani.

Baada ya miaka kadhaa bila nyongeza ya jumla, Serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, kisha Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza katika sherehe za Mei Mosi 2025 kwamba kima hicho kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, sawa na asilimia 35.1. Hatua hizo zinastahili pongezi, lakini ukubwa wake unadhihirisha kasoro ya utaratibu wenyewe. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka kwa miaka sita, mahitaji yaliyogharimu shilingi 500,000 yatagharimu zaidi ya shilingi 630,000, na nyongeza inayokuja mwishoni hairudishi kile ambacho familia ilikikosa katika miaka yote ya kungoja.

Wapo wanaosema, kwa hoja nzito, kwamba mishahara hiyo hutokana na kodi za wakulima, wavuvi na wafanyabiashara wadogo ambao hakuna anayewafidia bei zikipanda. Hata hivyo, wananchi haohao ndio wanaoumia pale mwalimu au muuguzi anapolazimika kugawa muda wake kati ya kituo cha kazi na shughuli ya kujazia kipato. Tena marekebisho madogo yanayotabirika ni rahisi kuyapangia bajeti kuliko ongezeko kubwa linalofuata ukimya mrefu.

Namna ya kufidia nayo ina uzito wake. Asilimia 5 kwa wote humpa mwenye mshahara wa shilingi 500,000 nyongeza ya shilingi 25,000, na mwenye milioni 5 shilingi 250,000, ingawa ni yule wa kwanza anayetumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kwa chakula. Inafaa, basi, sheria iagize marekebisho ya kila mwaka kwa kufuata fahirisi ya bei inayotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, iwape ngazi za chini fidia kamili na za juu fidia pungufu, na iitake Serikali kulieleza Bunge sababu pale mapato yasiporuhusu. Marekani imekuwa ikirekebisha pensheni za hifadhi ya jamii kwa kufuata fahirisi ya bei tangu 1975. Kwa utaratibu huo Mei Mosi ingebaki siku ya kujadili maslahi mapya, huku thamani ya mshahara uliokwisha kukubaliwa ikilindwa na sheria.