BERINGI IKIUNGUA, ALAUMIWE NANI?



Mwezi uliopita fundi mmoja, mwanachama wetu, alipewa barua ya onyo kwa sababu beringi za mota ya pampu ziliungua wiki tatu tu baada ya yeye kuifunga. Barua ilisema ni uzembe. Haikusema kwamba alipewa nusu saa kuimaliza kazi ile, tena bila geji ya saa. Kwa hiyo twaieleza kazi hii hapa, ili kila mtu ajue lawama ni ya nani.

Shafti ya mota na shafti ya pampu hukutana kwenye kapilingi, na lazima ziwe katika mstari mmoja. Hupotoka kwa njia mbili: moja kukaa juu au kando ya mwenzake, au zote mbili kukutana kwa pembe. Mota izungukayo mara 1,480 kwa dakika huupeleka upotofu huo katika beringi kila mzunguko, usiku na mchana. Wako wasemao mpira wa kapilingi utavumilia. Mpira huvumilia kidogo, lakini mzigo huangukia beringi.

Kazi ina utaratibu wake. Kwanza stima ikatwe, swichi ipigwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi mwenyewe. Pili, miguu ya mota ikaguliwe mmoja mmoja. Mguu mmoja ukining'inia, vipimo vyote ni uongo. Tatu, shafti zizungushwe pamoja na kupimwa juu, chini na pande zote mbili. Geji iliyo kwenye ukingo wa kapilingi ikionyesha tofauti ya 0.20 mm kutoka juu hadi chini, shafti zimeachana nusu yake, yaani 0.10 mm. Nne, vibati vyembamba vitiwe chini ya miguu, kisha mota isogezwe kando inavyotakiwa. Tano, bolti zikazwe na vipimo virudiwe, maana kukaza nako huisogeza mota. Mwisho, kifuniko cha kapilingi kirudishwe kabla ya kuwasha.

Siku hizi viko vyombo vya leza vinavyopima upesi. Lakini leza haitii vibati wala haikazi bolti.

Twawaambia waajiri: geji ni rahisi kuliko mota iliyoungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nanyi mafundi, fundi arukaye kipimo kwa uvivu wake hatutamtetea. Lakini ukiharakishwa, andika vipimo vyako na muda uliopewa, na msimamizi atie sahihi. Ukiambiwa uguse mota ambayo swichi yake haikufungwa, mwarifu msimamizi mara moja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakutaka ufanye hivyo, wala mwajiri hana ruhusa ya kukurudisha penye hatari kubwa kabla haijaondolewa.

Chama kimemwandikia mwajiri kutaka barua ile ifutwe. Jibu likija tutawaarifu katika kurasa hizi.

Umoja ni nguvu.