Kuvuka bila mzigo

Ni nani kati yetu asiyevuka Lualaba? Wa Alunguli tunakuja sokoni na mchele, sombe na makaa. Wa Kasuku na Mikelenge tunaenda kutafuta mihogo. Tunavuka macho yakiwa kwenye mzigo, deni likiwa kichwani. Mto wenyewe hatuuoni.

Siku ya yenga iliyopita tulivuka mikono mitupu, pamoja na watoto. Pesa ya mtumbwi tuliichanga kidogo kidogo, bila kugusa likelemba. Mama mmoja aliogopa bwana yake atauliza, "Munaenda kuuza nini?" Tukamwambia: mjibu, tunaenda kutazama.

Watoto waliuliza maji yanaenda wapi. Tukawaeleza: yanashuka mpaka Kisangani, na kuanzia huko yanaitwa Mto Kongo, mpaka baharini. Wakanyamaza wakiyatazama. Ng'ambo tulikula mihogo na karanga, tukacheka sana.

Kazi za Jumatatu zilitungoja palepale, lakini tulizishika na nguvu mpya. Kikundi chenu nacho kijaribu. Chagueni mtumbwi usiojaa kupita kiasi, watoto wavae jileti, murudi kabla ya giza.