Wifi yangu hahitaji pole tu

Samahani kwa kimya, zamu za usiku zimenibana kweli kweli.

Mwaka huu Thanksgiving imenikuta kazini. Wodi ilipotulia nikasoma habari za mama aliyeipigania sikukuu hiyo, Sarah Josepha Hale, nikamkumbuka wifi yangu aliyeachwa na marehemu kaka.

Sarah alizaliwa 1788, Newport, New Hampshire. Wasichana hawakupokelewa vyuoni, basi kaka yake aliyesoma Dartmouth akawa anamfundisha nyumbani. Mumewe, wakili, alifariki 1822, akamwacha na watoto wanne na mimba ya wa tano.

Sasa sikilizeni. Marafiki wa marehemu hawakuishia kwenye rambirambi. Walimsaidia kufungua duka la kofia yeye na wifi yake, kisha wakagharamia kitabu chake cha mashairi. Mwaka 1827 akatoa riwaya, Northwood. Mwaka uliofuata akaitwa Boston kuhariri jarida la wanawake. Kuanzia 1837 hadi 1877, miaka 40 mizima, alihariri Godey's Lady's Book, lililofikia nakala kama 150,000. Wimbo wa Mary na mwanakondoo tuliouimba chekechea ni shairi lake la 1830! Na kwa miaka 17 aliwaandikia barua magavana na marais kuhusu Thanksgiving, mpaka Lincoln alipoitangaza 1863.

Simsifu kwa yote. Alipinga wanawake kupiga kura, na alitaka watumwa walioachiwa huru wapelekwe Liberia. Hapo hatuelewani kabisa.

Lakini nimesikia kikao cha ukoo kimeamua watoto wa kaka wagawanywe kwa baba zao wadogo, na wifi arudi kijijini kwao. Sarah naye alipokwenda Boston alimchukua mdogo tu, wengine wakabaki kwa ndugu. Tofauti ni kwamba watoto wake walipokelewa ili mama yao aende kazini. Wa kwetu wanachukuliwa ili mama yao aondoke.

Baba mkubwa, najua utasomewa haya, na shikamoo yako ipo. Wifi alikatisha chuo cha ualimu alipoolewa. Ada nitalipa mimi. Ninyi mlindeni nyumba yake na mmsaidie watoto mpaka amalize. Mengine tuzungumze kwa simu, Jumapili siingii kazini.

Nawapenda wote. Tuombeane.